Maneno Mawili Ukutani: Kuchambua Tangazo na Mwenzangu

Yapo mazoea katika idara zetu ya kuyatazama matangazo ya biashara kama makapi ya lugha. Tunayaleta darasani ili kuonyesha makosa ya tafsiri, tunacheka kidogo, kisha tunarudi kwenye riwaya na tenzi. Mazoea hayo hayana msingi. Mwaka 1964 Roland Barthes alilichambua tangazo moja la tambi za Panzani kwa umakini ambao wengi wetu huuwekea mashairi, na mwaka 1966 Geoffrey Leech akatoa kitabu kizima, English in Advertising, kuhusu Kiingereza cha matangazo. Kwa hivyo, tulipotakiwa kuchambua tangazo la Kiswahili wawili wawili, hatukuona kwamba tumepewa kazi nyepesi.

Tangazo tulilolichagua mimi na mwenzangu lina maneno mawili tu: Okoa Jahazi. Hili, kama ajuavyo msomaji, ni jina la huduma ya Safaricom inayomkopesha mteja muda wa maongezi pindi salio lake linapokwisha. Mteja hubonyeza *131#, akapata kiasi anachostahili, na deni hilo huwa na ada ya asilimia 10, yaani shilingi 5 katika kila 50. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba hakuna anayeyasoma tena, tunayatumia tu. Mwenzangu ni mwenyeji wa Lamu. Mimi ni mtu wa Machakos, ambako mto ukijaa watu huketi ukingoni wakangoja upungue. Naitaja asili yetu kwa sababu mjadala wetu wote uliielemea.

Tuligawana kazi kama wanafunzi wagawanavyo: mimi sarufi, yeye msamiati na maana. Sehemu yangu ilionekana fupi. Kuna kitenzi katika hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja, na kuna shamirisho. Leech alikwisha kuonyesha kwamba amri ni jambo la kawaida katika sajili ya matangazo, kwa hivyo hali yenyewe ya kitenzi haikunishangaza. Kilichonisimamisha ni kitenzi kilichoteuliwa. Hebu tujiulize: katika sentensi hii, ni nani anayeokoa? Kiima kisichotajwa ni "wewe", yaani yule yule aliyeishiwa. Tangazo halikusema "Okolewa", halikusema "Tukuokoe", wala halikusema "Kopa". Mkopeshaji hayumo kabisa katika sentensi. Mkopaji amepandishwa cheo akawa mwokoaji, na tendo la kuomba likavishwa joho la ushujaa. Nilimsomea mwenzangu maelezo haya nikitarajia pongezi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na jahazi lenyewe ni la nani?"

Swali hilo ndilo lililotuchukulia wiki mbili.

Kwangu mimi, "kuokoa jahazi" ilikuwa nahau iliyokwisha kukomaa, sitiari mfu ambayo mtu hahitaji kuiona bahari ili aitumie. Mwenzangu alikataa katakata. Alisema kwamba jahazi si mtumbwi wa mtu mmoja. Lina mwenyewe, lina nahodha, lina mabaharia, lina abiria na shehena. Majahazi ya kwao yalibeba boriti za mikoko na riziki za nyumba nyingi. Kwa hivyo, mtu anaposema jahazi liokolewe, anasema habari ya wengi walio katika chombo kimoja. Kulitwaa neno hilo na kulifunga kwenye simu ya mtu mmoja aliyekosa kredo, kama tuiitavyo mitaani, ni kulipunguza. Nilimjibu kwamba magazeti huitumia nahau hiyo kila juma katika kurasa za michezo, pale kocha mpya anapoajiriwa. Akanitazama kwa huruma. "Mwenzangu, timu nayo si watu wengi katika chombo kimoja?"

Hata hivyo, sikuiacha hoja yangu, na sijaiacha hadi leo. Anayekopa muda wa maongezi usiku mara nyingi hakopi kwa ajili ya porojo. Anampigia mama aliye mgonjwa, au mwenye nyumba anayedai kodi, au ndugu ambaye karo yake haijatimia. Simu ni ya mmoja, lakini waliomo chomboni ni wengi. Ikiwa ndivyo, basi mtunzi wa jina lile, apende asipende, ameihifadhi maana ile ile ambayo mwenzangu anadai imepotea. Yeye husema kwamba hapo ninamtetea mfanyabiashara kwa wema ambao hakuukusudia. Huenda, lakini maana ya matini haimalizikii katika kusudi la mtunzi, na hilo tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza.

Kilichonifaidi zaidi katika kazi hii ni jinsi alivyonieleza namna chombo kinavyookolewa. Sikuwahi kulifikiria. Bahari ikichafuka, alisema, tanga huteremshwa, maji ya ngama hufuliwa, na mambo yakizidi shehena hutupwa baharini. Jahazi halisubiri mtu aje kutoka nje. Huokolewa na walio ndani yake, na huokolewa kwa kupoteza kitu. Maelezo hayo yaliupa uchambuzi wangu wa kiima mwelekeo mpya. Ile amri "okoa", niliyoiona kuwa hila ya kisarufi, ilikuwa pia sahihi kulingana na desturi za bahari: aliyemo ndiye aokoaye, na lazima atupe chake. Tofauti ni kwamba bahari haimfichi mtu shehena iliyozama, ilhali maneno mawili ya ukutani hayana nafasi ya kuitaja ile asilimia 10. Wahenga wetu waliitaja kwa uwazi: kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo mwenzangu alicheka sana, kwa kuwa matanga ni msiba na matanga ni yale yale ya jahazi. Tuliuandika mchezo huo wa maneno katika rasimu, tukaufuta, tukaurudisha.

Ugumu ulitokea tulipofika kwenye uandishi wenyewe. Kazi ya pamoja huandikwa kwa "tu": tunaona, tunahitimisha, tumebaini. Kiambishi hicho ni kizuri pale watu wanapokubaliana. Pale wasipokubaliana, nacho huficha watu, kama ile amri ya tangazo ilivyomficha mkopeshaji. Tusingeweza kumlaumu mtunzi wa tangazo kwa kuficha kiima ilhali sisi tunafanya vivyo hivyo. Mwishowe tuliandika "mmoja wetu anaona" na "mwingine anashikilia", tukaziacha hoja mbili zisimame bega kwa bega katika ukurasa mmoja. Najua wapo wahadhiri wasioupenda mtindo huo. Mimi nauona kuwa wa haki kuliko hitimisho la kupatana ambalo hakuna aliyeliamini.

Tangu hapo tumeendelea kuyasoma majina ya huduma za fedha kama msururu mmoja. Baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, ilikuja M-Shwari mwaka 2012, huduma ya akiba na mikopo. Shwari ni utulivu wa bahari, kana kwamba jahazi lililookolewa limefika penye maji tulivu. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi. Kamusini, kufuliza ni kwenda au kutenda bila kusita. Hakuna hata jina moja kati ya haya matatu ya mikopo lililo na neno deni. Lakini wazungumzaji wamelirudisha wenyewe. Siku hizi mtu husema "nimefuliza" akimaanisha kwamba amekopa, na husema "nina Fuliza" akimaanisha kwamba anadaiwa. Amri imekuwa nomino, na nomino hiyo maana yake ni deni.

Makala yetu ya pili inahusu neno hilo, na tayari tumekwama katika ukurasa wa kwanza. Mimi naona kwamba hii ni maana ya pili ya kitenzi kile kile cha zamani. Mwenzangu anataka kiwe kidahizo kipya, kwa hoja kwamba mtu aliyefuliza, mshahara ukishaingia, hana pa kwenda bila kusita.