Deni la Dinari Tatu Katika Kisiwa cha Djerba

Wahenga walisema kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Nasi twaongeza kwamba msafiri, katika hayo mengi ayaonayo, mara nyingi hukosa kuiona nafsi yake mwenyewe, mpaka ifike siku akaoneshwa. Hayo ndiyo yaliyotupata katika kisiwa cha Djerba, ndani ya gari ya teksi. Tumeona si vibaya kuwasimulia wasomaji wetu, kwani ndani yake mna faida kwa atakaye kusafiri, na mna mawaidha kwa atakayebaki nyumbani.

Djerba ni kisiwa cha nchi ya Tunisia, upande wa kusini, katika Ghuba ya Gabes. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 514, nacho ni tambarare. Hata mahali pake palipoinuka kupita pote hapafiki mita 60 juu ya bahari. Watu wa Ulaya hukijia kwa wingi kufuata jua na mchanga, na hoteli zao zimejipanga katika pwani ya kaskazini-mashariki. Lakini wenyeji wa kale hawakujenga mji mmoja wakasongamana ndani yake. Tangu karne ya 9 walitawanyika kisiwani kote, kila ukoo na shamba lake la mizeituni na mitende, birika lake la maji ya mvua, na msikiti wake. Kwa ajili ya mtawanyiko huo wa makazi, UNESCO ilikitia kisiwa hiki katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Basi lile lile lililokipa sifa ndilo limzuialo mgeni asiweze kukitembea kwa miguu. Kutoka msikiti hadi msikiti ni mwendo, na kutoka soko hadi soko ni safari. Hapana budi teksi.

Teksi za huko zimepakwa rangi ya manjano, na kila moja ina mita mbele ya dereva. Mgeni na aangalie mita ikibonyezwa kabla gari haijaondoka, kisha atulie. Jingine la kujua ni kwamba dinari moja ya Tunisia ina milimu 1000, na bei hutajwa mpaka milimu. Asiyejua huona tarakimu nne akadhani ameangamia, kumbe ni dinari sita na kitu. Hayo mawili tulikuwa tumeyajua kabla ya kufika. La tatu hatukulijua, nalo ndilo lililotuaibisha.

Tulikuwa watatu: mwandishi wa makala haya, mkewe, na mama yake mzazi, sote watu wa Unguja. Jioni ya siku ya kwanza tulikwenda Houmt Souk, ulio mji mkubwa wa kisiwa, na mita ilituandikia dinari sita na kidogo. Tukatembea sokoni chini ya mapaa ya matao, tukaiona ngome ya ufukoni. Karibu na ngome hiyo, baada ya majeshi ya Kituruki kuwashinda Wahispania mwaka 1560, ulisimamishwa mnara wa mafuvu ya vichwa. Ukakaa hata mwaka 1848, ndipo mafuvu yakaondolewa yakazikwa. Tukasali Isha, tukala, na saa tatu na nusu za usiku tukapanda teksi kurudi hotelini.

Dereva alikuwa mzee mwenye kofia nyekundu ya sufi, ile Watunisia waiitayo shashia, na tasbihi ya mbao ikining'inia mbele ya kioo chake. Njia ilikuwa ile ile tuliyoijia. Lakini tulipofika, mita ilisoma dinari tisa na zaidi. Tukamwuliza imekuwaje. Akasema kwa upole neno ambalo ndani yake tulilisikia neno usiku, basi. Kwani Kiarabu chetu ni cha chuoni, na chake ni cha kwao. Sisi tulikuwa tumekwisha kuonywa na wasafiri kwamba madereva wa nchi za wageni huchezea mita. Moyo ukatangulia ulimi. Tukamwambia, "Ewe mzee, mche Mungu, njia ni moja na bei ni moja." Tukahesabu dinari sita, tukamwekea kitini, tukashuka. Yule mzee alizitazama, kisha akatutazama sisi. Akasema, "Allah ghalib," akaondoka zake. Neno hilo Watunisia hulisema kila jambo linapowashinda.

Tulipokuwa tukimsimulia karani wa hoteli, tukiona tumefanya ushujaa, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Lakini baada ya saa tatu za usiku nauli huongezwa nusu. Hiyo ni sheria ya serikali, si ya dereva." Nusu ya sita ni tatu. Sita na tatu ni tisa. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mama hakutukemea. Alikaa kitako kwenye kiti cha ukumbini, akajifunika buibui lake vizuri, akasema, "Wanangu, tumekula jasho la mtu. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako waweza kuitubia kitandani. Hii ina mwenyewe, na mwenyewe hatumjui jina." Tulijua asemalo ni kweli. Haki ya mja haifutwi mpaka mja mwenyewe asamehe; na sisi tulikuwa na siku tatu tu kisiwani. Pamoja na dinari tatu, tulikuwa tumemwambia mzee wa watu amche Mungu, hali yeye alikuwa ndani ya haki, na sisi ndio tuliokuwa nje.

Basi toka asubuhi ile matembezi yetu yakawa na kazi. Tulikwenda kwenye kituo cha teksi Houmt Souk, tukauliza. Kijana mmoja dereva alicheka, akasema, "Mzee mwenye shashia na tasbihi? Mmenitajia nusu ya madereva wa kisiwa." Hata hivyo akatuahidi kuuliza. Tukapatana naye bei ya kutwa nzima. Na hili ni faida nyingine kwa msafiri, kwamba aendaye vijijini asimwache dereva wake akaenda, maana huko hatapata teksi nyingine kwa urahisi, na bei ya kusubiri yafaa kukatwa kabla ya kuondoka.

Alitupitisha njia ya Midoun, tukasimama penye msikiti wa Fadhloun, mweupe kwa chokaa, kuta zake nene zimeegemezwa kama kuta za ngome. Zamani hizo misikiti ya kisiwa haikuwa ya sala tu. Ilikuwa na madarasa, jiko la kuokea mikate na birika la maji. Na ile iliyo ufukoni ilikuwa pia vituo vya walinzi, adui akionekana baharini huwashwa moto, na msikiti wa pili ukiuona nao huwasha, mpaka habari ikaenea. Kila mahali tuliposimama, kijana yule alishusha kioo akawauliza wenzake kwa sauti kubwa habari za mzee wetu. Tukaona haya kwamba kosa letu lafuata ile njia ya mioto, kituo hadi kituo.

Kutoka hapo tulikwenda Sedouikech. Karibu na kijiji hicho upo msikiti uliochimbwa chini ya ardhi, katikati ya mizeituni. Washuka ngazi, wainamisha kichwa, wajikuta katika chumba cheupe chenye nguzo nene, kimya kabisa. Mama alishuka akishikwa mkono. Alipoinua macho akasema, "Mbona hauna makuu, kama misikiti ya jirani zetu?" Dereva alipofasiriwa maneno hayo akauliza jirani gani. Tukamwambia ni Maibadhi wa Unguja. Uso wake ukafunguka, kwani misikiti hii ya Djerba mingi yake ilijengwa na Maibadhi, ambao wenzao wako Oman, Mzab ya Algeria, Jabal Nafusa ya Libya, na kwetu. Tukamweleza kwamba Sultani Barghash aliweka kiwanda cha chapa Unguja, na kwamba mwishoni mwa karne ya 19 kiwanda hicho kilichapa tafsiri kubwa ya Qurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfiyyash, mwanachuoni wa Mzab. Kitabu kiliandikwa upande wao wa Afrika, kikapigwa chapa upande wetu. Kijana akasema, "Basi nyinyi si wageni." Maneno mazuri, lakini yalituchoma, maana mgeni husamehewa kutojua desturi, na ndugu huulizwa.

Guellala, kijiji cha wafinyanzi, tuliona mitungi imepangwa mbele ya kila duka, na huko wapo wasemao bado lugha ya Kiamazigh. Erriadh tuliliona sinagogi la Ghriba, ambalo Mayahudi huliendea kwa ziara kila mwaka. Mlinzi alizitazama hati zetu za safari, tukafunika vichwa, na kwenye chumba cha ndani tukavua viatu, kama tufanyavyo msikitini. Ulinzi ule una sababu: mwaka 2002, na tena mwaka 2023, watu waliuawa mahali hapo kwa mashambulio. Dereva wetu Mwislamu alisema kwamba siku za ziara yeye na wenzake huwachukua mahujaji wa Kiyahudi mlango hadi mlango, na mita huwasomea sawasawa kama iwasomeavyo watu wote. Sisi tuliosikia hayo tulitazamana tukanyamaza.

Siku ya pili tulikwenda Ajim, ambako kivuko huvusha magari hadi Jorf, upande wa bara. Tukarudi kwa njia ya kusini kulitazama daraja la El Kantara, lililojengwa kwanza zama za kale, na ndilo linalokiunganisha kisiwa na njia ya Zarzis. Tuliuliza kivukoni, tukauliza darajani. Madereva wengine walitwambia, "Dinari tatu? Sahauni!" Mmoja akajitolea kuzipokea kwa niaba yake, tukamshukuru tukakataa. Usiku ule Mama alisali akakaa sana juu ya mswala. Nasi tulikuwa tumeanza kufikiri kuzitoa sadaka zile dinari kwa niaba ya mwenyewe, kama afanyavyo mtu aliyekata tamaa ya kumpata mwenye haki.

Ndege yetu ilikuwa ya alfajiri. Saa kumi za usiku, hali giza bado, tulishuka na mizigo, na teksi ya manjano imekwisha kusimama mlangoni. Karani akasema, "Hatukuiita sisi. Imekuja yenyewe." Tukaiona tasbihi, kisha tukaiona shashia nyekundu. Habari ilimfikia jana yake, kwa kupitia mdomo wa dereva mmoja hadi wa mwingine.

Hatukuwa na Kiarabu cha kutosha kwa mambo kama yale. Tulisema tu, "Ya ammi, tusamehe," tukamnyoshea dinari tatu. Angaliweza kuzikataa kwa ukarimu, na watu wangalimsifu. Lakini tungaliondoka na mzigo wetu. Alizipokea, akazihesabu moja, mbili, tatu, akazitia mfukoni, akasema, "Nilisamehe usiku ule ule kabla sijafika kwangu. Lakini hizi ni zenu kunipa, na zangu kupokea. Sasa tumelipana." Kisha akatufungulia mlango, akakaa, na mbele ya macho yetu akabonyeza mita. Ilikuwa nauli ya usiku, na safari hii kila tarakimu iliyopanda tuliiona tamu.

Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa Houmt Souk. Njia nzima hakuna aliyesema neno, ila Mama, aliyefungua mkoba wake akatoa pakiti ya karafuu aliyoichukua toka nyumbani. Alimkabidhi mzee tulipokwisha kulipa nauli kamili, asije akadhani ni sehemu ya hesabu. Mzee aliinusa, akauliza yatoka wapi. "Unguja," akajibiwa. Akasema, "Nitampa mke wangu, na nitamweleza habari yenu, lakini sehemu ile ya kwanza nitaiacha." Akaturudishia chenji mpaka milimu ya mwisho, akageuza gari, akaenda kutafuta rizki yake, na adhana ya Alfajiri ikaanza kusikika mbali.

Wasomaji wetu watakaokwenda kisiwa kile, au chochote cha bahari ile, na waangalie mita ibonyezwe, wajue saa ambayo nauli hubadilika, na wakate bei ya kutwa kabla ya safari. Hayo ni ya lazima, wala hatusemi msafiri awe mjinga wa kupokea kila aambiwalo. Lakini na aulize kabla ya kuhukumu; na akishuku, na alipe kwanza kisha aulize hotelini, kwani dinari tatu zilizozidi hurudishika kwa urahisi kuliko heshima ya mzee iliyovunjwa usiku mbele ya mlango wa wageni. Sisi Mwenyezi Mungu alituletea mwenye haki yetu mpaka mlangoni. Si kila mdaiwa hupata bahati hiyo.