Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twalijua sana neno hilo, maana kazi yetu ya kila siku ni kuandika: mbuzi waliochanjwa, mifuko ya mbegu iliyogawanywa, ushuru wa soko. Lakini iko mali moja ya Ukambani ambayo haimo katika daftari lolote la ofisi yangu, nayo ni mimea ya porini pamoja na majina yake. Juu ya mali hiyo napenda kuzungumza nanyi, ndugu wasomaji, kwa kuwa chama chetu kidogo cha watu wapendao mimea, chenye wanachama pande zote mbili za mto Athi, huku Kitui na kule Makueni, kimepanga hotuba na matembezi yake ya msimu wa mvua ujao. Kabla ya mpango huo kukubaliwa ilizuka hoja nzito, ambayo yafaa kila mtu aifikiri.

Kwanza niueleze mpango wenyewe. Hotuba zitakuwa tatu, na kila hotuba itafuatwa na matembezi, ili yale yaliyosikiwa kwa masikio yapate kuonekana kwa macho. Hotuba ya kwanza itahusu mti wa mukau, na matembezi yake yatakuwa Tiva, karibu na mji wa Kitui. Ya pili itafundisha namna ya kukausha mimea katikati ya magazeti makuukuu na kuiandikia jina, mahali, tarehe na rangi ya ua, maana rangi hupotea mmea ukikauka. Kisha tutakwenda Nzambani kujaribu kazi hiyo kwa mikono yetu. Ya tatu itakuwa juu ya matunda na mboga za porini, nayo itatolewa na akina mama wazee, halafu tutapanda vilima vya Mbooni, ambako ukungu na baridi huotesha miti tusiyoiona kabisa katika nchi ya tambarare.

Jambo la kukusanyika hivi si geni katika Kenya. Mwaka 1909 kilianzishwa Nairobi chama cha elimu ya viumbe, nacho kingali hai. Siku hizi chajulikana kwa jina la Nature Kenya, na hutoa hotuba na kufanya matembezi. Basi sisi tulidhani kwamba hakuna mtu atakayepinga.

Aliyepinga ni bibi mmoja mzee, ambaye sote twamwita Susu, kama ilivyo desturi yetu kumwita nyanya. Tulikwenda kumwomba awe msemaji wa hotuba ya tatu, kwa kuwa katika kata yetu hakuna amshindaye kwa kuijua mimea. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, hayo nitakayoyasema utayaandika?” Nikamjibu kwamba nitayaandika yote. Akasema, “Basi sitasema. Msandali uliandikwa, na leo uko wapi?”

Neno lake halikuwa la ushirikina. Msandali ni mti mdogo wa nchi kavu ambao mafuta yake mazuri yamo katika mizizi na kiini cha shina. Kwa hiyo atakaye mafuta hayo haukati tu. Huung'oa mzima, wala hauchipuki tena. Habari ya thamani yake ilipoenea, watu walikuja usiku na majembe, hata mwaka 2007 Rais akapiga marufuku uvunaji wake katika nchi nzima. Susu aliyaona mashimo kwa macho yake katika kilima alichokuwa akichungia mbuzi utotoni. Kwake yeye, kuandika mahali mti ulipo ni kumwonyesha mwizi mlango.

Niliyafikiri maneno hayo siku nyingi, nikaona kwamba yana ukweli lakini si ukweli wote. Tazameni mukau. Mti huu ni wetu wa nchi kavu; mbao zake haziliwi upesi na mchwa, majani yake ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi, na mtu aliyeupanda aweza kupasua mbao baada ya miaka kumi hivi au kumi na mitano. Taabu yake ni mbegu. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe, na ukiipanda hivi hivi hungoja mpaka ukachoka. Lakini watumishi wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, walishika kazi hiyo Kitui, wakafundisha watu kuipasua kokwa bila kuiumiza mbegu, kuikata ncha kidogo, kuilowesha, kisha kuichana ngozi yake ya nje. Tangu mwaka 2012, kwa msaada wa Wajapani, mashamba ya kuzalisha mbegu bora za mukau yalipandwa Tiva na Kibwezi. Kama elimu hiyo ingalifichwa, miti ingalizidi kukatwa porini bila ya kupandwa mingine. Kwa hiyo, elimu iliyosambazwa iliuangamiza msandali, na elimu iliyosambazwa ikauokoa mukau. Tofauti iko katika jambo linaloandikwa, na katika mikono inayolishika daftari.

Tena, tukikataa kuandika sisi, wengine waliandika zamani. Mwaka 1877 Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alifika Kitui akiutafuta Mlima Kenya. Mlima hakuufikia, lakini alikusanya mimea, na mingi ya Afrika Mashariki ina jina lake kwa Kilatini hata leo. Mukau nao wataalamu huuita Melia volkensii, kwa heshima ya Mjerumani mwingine, Georg Volkens. Mimea mingi sana iliyokaushwa iliwekwa Berlin, na mwezi wa Machi 1943, wakati wa vita, nyumba hiyo ilipigwa mabomu ikaungua. Daftari la mali yetu liliwaka moto mbali, na huku kwetu hakuna aliyepata habari.

Namshukuru Mungu kwamba leo Nairobi ina hifadhi yake kubwa ya mimea iliyokaushwa, ambayo ilianzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa huko mwaka 1950. Tena kazi ya kuandika vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikamilika mwaka 2012, baada ya miaka sitini ya uchapishaji, ikiwa na aina 12,104. Hata hivyo, vitabu hivyo haviwezi kukuambia yote anayoyajua Susu: mboga ipi huchemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa, wala tunda lipi huliwa na mtoto bila hofu.

Tulirudi kwake na masharti matatu. Kwanza, yataandikwa majina, chakula na namna ya kupanda; mahali pa mti ulio adimu hapataandikwa. Pili, habari za dawa hazitaandikwa pasipo idhini ya mwenye kuzijua. Tatu, daftari litakaa katika kata, na msemaji atasomewa kila neno lake kabla ya kufungwa. Susu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama matembezi ya Mbooni yatakuwa na gari, kwa maana magoti yake ni mabovu. Basi tunachanga nauli ya gari.

Ninyi wakulima mlio karibu, njoni, na kila mmoja alete tawi moja lenye ua au tunda pamoja na jina aliloambiwa na mzazi wake. Nanyi makarani wenzangu, leteni kalamu. Walio mbali na waanze na mzee aliye jirani yao, wakimwuliza kwanza kama anaridhia kuandikwa. Mvua za vuli hurudi kila mwaka, zikija mapema au zikichelewa, lakini mzee akiondoka na majina yake hakuna msimu utakaoyarudisha.