Alivimba Wapi?

Naishi Kinyinya, Wilaya ya Gasabo, na jirani yetu ni mama kijana aliyetoka Bukavu kumfuata mumewe hapa Kigali. Kinyarwanda chake bado ni cha salamu tu. Mwanawe alipofikisha wiki kumi, aliniomba nimsindikize kwenye chanjo. "Wewe unasoma Kiswahili chuoni, mdogo wangu. Utanisemea." Nilikubali kwa fahari. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini nje ya darasa ni mara chache mtu kunihitaji kwa ajili yake.

Mtoto alikuwa na mafua, na mama alikuwa na hakika kwamba tungerudishwa. Muuguzi alimpima joto, akamtazama anavyopumua na kunyonya, akasema mafua hayazuii chanjo. Kisha akauliza: baada ya dozi ya kwanza, ile aliyoipata Bukavu akiwa na wiki sita, mtoto alipata tatizo lolote?

Nilifasiri kwa neno nililofundishwa, "mzio". Mama akanitazama tu. Nikajaribu tena: "Alipopigwa sindano ile, alipatwa na nini?"

"Alivimba, mdogo wangu. Alivimba sana, akalia usiku kucha."

Nikamgeukia muuguzi nikasema, "Yarabyimbye." Kuvimba na kubyimba ni maneno ndugu. Lilivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila taabu, nami nikaona nimemaliza kazi. Muuguzi akasimama, sindano ikabaki kwenye trei.

"Yabyimbye he?" Alivimba wapi?

Sikuwa nimeuliza.

Mama akagusa paja la kushoto la mtoto. "Hapa, walipochoma." Midomo je? Uso? Alipumua kwa shida? Alitoka vipele mwili mzima? Hapana, hapana, hapana. Muuguzi akachukua sindano, na mtoto akalia kama watoto wote.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, tukisubiri kuona kama yu salama, muuguzi alinieleza. Uvimbe pale ilipoingia sindano, pamoja na homa na kulia, ni jambo la kawaida na huisha wenyewe baada ya siku chache. Lakini mtoto ambaye dozi iliyotangulia ilimletea mzio mkali, akavimba uso na midomo, akapumua kwa shida au kuzimia, hapewi tena chanjo ileile. Vivyo hivyo, chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua, hazipewi mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana. Mtoto mwenye ugonjwa mkali huahirishiwa mpaka apate nafuu. Kuahirishiwa si kuzuiwa. Orodha ya sababu za kweli ni fupi. Mafua, homa ndogo, kuharisha kidogo, au kuzaliwa kabla ya wakati, havimo, ingawa wazazi wengi hudhani vimo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kama muuguzi angetosheka na neno langu, mtoto angerudi nyumbani na dozi moja tu ya chanjo inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina B, na bakteria wa Hib. Kifaduro ni hatari zaidi kwa watoto wachanga kama yeye. Pengine kadi yake ingeandikwa kwamba chanjo humdhuru, na kila muuguzi baada ya huyo angesoma maandishi hayo na kuyaamini. Ingekuwa kinyume, midomo ndiyo ilivimba nami nikasema "kidogo tu", ningekuwa nimesaidia kumchoma mtoto dawa inayoweza kumuua. Neno langu lilikuwa sahihi katika kamusi zote mbili, lakini halikutosha.

Darasani tunasahihishwa tunapokosea ngeli. Sijawahi kupunguziwa alama kwa kusahau kuuliza "wapi". Sisemi "mzio" ni neno baya. Nitaendelea kuliandika katika insha zangu. Ila kwenye benchi la chanjo, mama hana mzio. Ana mtoto mwenye midomo, paja na pumzi, na hivyo ndivyo vya kuulizwa, kimoja kimoja.

Mtoto alipofikisha wiki 14, mama alikuja tena kugonga mlango. Nilichukua daftari langu. Maswali manne nilikuwa nimekwisha kuyaandika, kwa Kiswahili cha Bukavu, naye mwenyewe ndiye aliyenisahihishia.