Bitana ya Mishipa

Fundi cherehani yeyote katika soko la Kendu Bay anajua kwamba koti halikamiliki kwa kitambaa cha nje pekee. Sharti litiwe bitana. Kitambaa cha nje huonwa na watu. Bitana ndiyo inayoujua mwili. Mshipa wa damu nao una bitana yake: tabaka moja tu la seli, lililotandazwa tangu moyoni hadi katika vijishipa vya ncha za vidole. Wanasayansi huliita endotheli. Yamkini Kiswahili hakina haja ya kusafiri mbali kulitafutia jina, ingawa atakayepinga ana hoja: bitana ya koti ikichanika haijishoni, ilhali hii ni hai.

Ni hai kwelikweli. Hutoa gesi ya oksidi ya nitriki inayoulegeza mshipa, na kemikali zinazozizuia chembe za kugandisha damu zisishikamane. Inapochanika, damu huganda papo hapo. Hiyo ni rehema kwa aliyejikata akipaa samaki ufukweni. Kwa aliyetiwa mshipa wa bandia huweza kuwa msiba.

Mishipa ya bandia, kwa bahati, ilizaliwa cherehanini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alinunua kitambaa cha Dacron dukani, akakishona nyumbani kwa cherehani ya mkewe hadi kikawa bomba. Dacron ni poliesta, jamaa ya mashati yanayouzwa katika kila soko. Bomba la namna hiyo hufanya kazi vyema katika mshipa mpana ambamo damu hupita kwa kasi. Katika mishipa myembamba ya mguu au ya moyo, aghalabu huziba. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Damu haina adabu hiyo: mgeni wa plastiki hubaki mgeni hata akikaa miaka. Seli za bitana hutambaa kutoka pale alipounganishwa na mshipa wa asili, zikafika sentimita moja au mbili, zikakoma. Katika wanyama wengi wa majaribio huenda mbali zaidi, na jambo hilo liliwapa watafiti matumaini ambayo mwili wa binadamu haukuyatimiza.

Ndipo likazuka wazo la kuishona bitana kabla ya koti kuvaliwa. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake, huko New York, walieleza namna ya kuzibandua seli hizo kwa kimeng'enya na kuziotesha maabarani. Walizitoa wapi? Kitovuni, ndani ya mshipa wa ule ukamba unaomfunga mtoto kwa mamaye. Msomaji aliyelelewa kando ya Ziwa Viktoria atasita hapa. Katika mila za Wajaluo kondo la nyuma, biero, huzikwa nyumbani, na pale lilipozikwa ndipo kwao mtu. Mwambao nao humtambua mtu kwa mahali kilipozikwa kitovu chake. Hospitalini kitu hicho hicho hutupwa. Maabara ikakiokota, ikakuta kwamba kinaota.

Mwaka 1978 Malcolm Herring na wenzake walipanda seli za bitana katika mabomba ya Dacron, wakawatia mbwa. Kuanzia mwaka 1989, mjini Vienna, Manfred Deutsch, Peter Zilla na wenzao walikata kipande kifupi cha mshipa wa mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha seli zake kwa wiki kadhaa, wakazitandaza ndani ya bomba la plastiki jamii ya Teflon lililopakwa fibrini, yaani nyuzi zile zile ambazo damu huzitumia kujigandishia. Kufikia mwaka 1999 walikuwa wameripoti wagonjwa 100. Mabomba yenye bitana yalikaa wazi muda mrefu kuliko yasiyo nayo. Lakini njia hiyo hudai maabara maalumu, fedha nyingi na mgonjwa anayeweza kusubiri, na mguu unaooza hausubiri.

Zilla alihamia Cape Town, ambako swali lilichukua sura ya Kiafrika. Huku wengi wanaohitaji viungo vya bandia vya moyo si wazee bali vijana, ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama koo kuuma tu. Vali ya kaboni na chuma hudumu, lakini haina bitana. Anayeitegemea humeza wafarini maisha yake yote ili damu isigande juu yake. Dozi ikizidi, huvuja damu. Ikipungua, bonge hupanda ubongoni. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo.

Tena kuna chungu cha jikoni. Wafarini huipinga vitamini K, nayo mboga za majani zimeijaa. Osuga, dek na bo, yaani mnavu, mgagani na majani ya kunde, huweza kuivuruga dozi ambayo daktari ameipima kwa uangalifu. Vali inayojivika seli za mwenyewe ikiwa ndani ya mwili ingali katika utafiti. Hadi itakapokuja, mwenye vali ya chuma aliyeko Kendu Bay hahitaji kuziacha mboga za kwao, ila huzipakua kwa kiasi kile kile kila siku, kisha hupanda matatu kwenda kupimwa damu.