Onja Chakula cha Dodoma

Sikukuu ya wakulima, tarehe 8 Agosti, ikikukuta Dodoma, nenda uwanja wa maonyesho wa Nzuguni. Usiishie kutazama matrekta na ng'ombe. Fika pia penye vyungu.

Anza na togwa ya mtama. Togwa si pombe, hata mtoto hunywa. Kisha kula ugali wa uwele kwa mlenda. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, yakawa akiba ya kiangazi. Kunywa maji ya ubuyu. Yana uchachu, na yana vitamini C nyingi. Malizia na zabibu.

Sasa fikiri. Dodoma mvua ni chache, nayo hunyesha msimu mmoja tu. Mahindi yakikosa mvua yanapochanua, hayazai vizuri. Mtama na uwele huvumilia zaidi. Lakini wengi wetu huona aibu kumpa mgeni ugali wa mtama. Tunasema ni chakula cha njaa. Kumbe ni chakula cha kuzuia njaa!

Basi usirudi nyumbani na shibe tu. Ulizia mbegu bora, upande kwa wakati. Mwakani mgeni wako naye aonje.