Maji Kiasi Gani

Nimezaliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na kwa hiyo sikuwahi kujiuliza samaki anahitaji maji kiasi gani. Maji yalikuwapo tu, mpaka pale jicho linapokoma kuona. Swali hilo lilinikuta ukubwani, katika nyumba ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam, mwaka 2021, siku binti yetu alipotimiza miaka 8 akaomba zawadi ya samaki. Si wa kula, wa kutazama.

Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alishangaa sana. "Wa kutazama? Ukishamtazama, halafu?" Tulicheka. Lakini moyoni nilikuwa upande wake, na ndiyo maana nilipofika dukani nilichukua kile kilichokuwa cha bei ndogo kabisa: bakuli la kioo la mviringo, lita 8, pamoja na samaki wa dhahabu wawili wenye urefu wa kidole. Nilijiambia kwamba sisi ni wanafunzi, na mwanafunzi huanza na kidogo. Anayejifunza kupika haanzi na sufuria ya harusi. Hoja hii ilinipendeza mno, maana ilikuwa inaokoa fedha pia.

Siku ya tatu maji yaliingia ukungu. Siku ya tano samaki walikuwa wakipanda juu na kutweta, midomo ikigusa hewa. Tulimwaga maji yote, tukasugua bakuli hadi likameta, tukajaza mengine moja kwa moja kutoka bombani. Siku ya tisa mmoja alikufa, na baada ya siku mbili mwenzake akamfuata.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kuliruka. Nilimwita binti yetu nikamwambia kwamba amewalisha kupita kiasi. Nilikuwa nimeona punje za chakula chini ya bakuli, basi nikajiona nina ushahidi. Hakujibu neno. Alimzika yule wa pili chini ya mpapai wa mwenye nyumba, karibu na wa kwanza, akaliosha bakuli, akalirudisha kabatini. Hakutaja samaki tena. Mama watoto alinitazama tu, na wale waliooa wanajua mtazamo huo una maneno mangapi.

Ilipita miezi mingi. Siku moja nilikaa barazani kwa jirani yetu, mzee mstaafu ambaye ana matangi matatu ya samaki wa mapambo, nikamsimulia kisa hiki kama kichekesho. Hakucheka. Wala hakuniuliza tuliwalisha nini. Aliuliza, "Maji lita ngapi?" Nilipomjibu, akatikisa kichwa. "Hapo usimlaumu mtu kwa chakula. Uliwafungia chooni, mwanangu."

Kisha akanieleza, kwa subira ya mtu ambaye naye aliwahi kuua samaki. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Amonia hiyo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye chujio, mchangani na kwenye kioo, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Sisi tulikuwa hatuna chujio wala mchanga, na wale wachache walioanza kushika kioo tuliwasugua. Chakula kile kile kilichozidi, kingeangukia kwenye lita 100, kingekuwa kosa dogo. Katika lita 8 kilikuwa hukumu. Kumbe nilikuwa nimempa mtoto chombo ambacho hata mjuzi angehangaika nacho, nikakiita cha kujifunzia.

Usiku ule nilimwita binti yetu nikamweleza yote, pamoja na mambo ya nitrati ambayo nadhani hakuyahitaji. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo baba, si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Bakuli lilikuwa dogo, na nililichagua mimi. Nisamehe."

"Sawa," akasema, akaendelea na daftari lake. Mimi ndiye niliyechelewa kulala.

Safari hii tulichagua sote. Mzee alisema tukiweza tuchukue lita 200. Mama watoto akauliza swali ambalo wanaume wawili hatukuwa tumelifikiria: nani atabeba maji? Kila wiki hubadilishwa robo hivi, na maji ya bomba yanapaswa kukaa ndooni usiku kucha ili klorini iondoke. Lita 200 zingetutaka lita 50 kila Jumamosi, katika jiji ambalo bomba lina siku zake. Alikuwa sahihi, Oktoba ya mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mgao ukaja, hata ndoo moja ilikuwa mjadala.

Fundi vioo alitaka kututengenezea tangi refu la kusimama, kama mnara. Lilikuwa zuri kwenye mchoro, lakini hewa huingia majini kupitia uso wa juu, na umeme unapokatika pampu husimama, tukachagua pana. Binti yetu ndiye aliyezidisha: sentimeta 80 kwa 35 kwa 40, gawanya kwa 1,000, lita 112. Usipojaza hadi ukingoni zinabaki 100 hivi. Hizo ni kilo 100 kabla ya kuhesabu kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya televisheni iliondolewa kwenye orodha na tukachomelewa stendi ya chuma.

Samaki wa dhahabu tuliwaacha, maana hukua wakapita sentimeta 20 na huchafua maji haraka. Mimi nilitamani wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, lakini nilishindwa kura. Tukakubaliana gapi sita.

Kwanza lakini tuliwasha chujio tukasubiri wiki 5, tangi likiwa halina samaki hata mmoja. Kila siku binti yetu alitia punje chache za chakula ili bakteria wapate cha kuanzia. Wageni walikuwa wakiinama kutafuta, kisha wakituangalia kwa huruma. Siku gapi walipoingia, aliwatia punje mbili, akanigeukia kabla ya kutia ya tatu. Nikamwambia atie.

Lile bakuli hatukulitupa. Ndilo analochotea maji kila Jumamosi, akihesabu kwa sauti. Robo ya tangi hutimia kwenye bakuli tatu na kidogo.