Akiba ya Oili Chafu

Mtu apitaye barabara ya Tororo kwenda Mbale, afikapo Busiu, haoni taabu kuzitambua gereji zetu: mbele yake pamepangwa madumu ya oili chafu, nyeusi kama masizi. Oili hiyo imekwisha kufanya kazi yake ndani ya injini, ikatolewa ili ipishe mpya. Aghalabu hupakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Lakini kila mafuta yapandapo bei husikika shauri jingine: ichujwe kwa kitambaa, ichanganywe na dizeli, itiwe katika tangi la gari, na gharama za safari zitapungua. Mimi ni mama wa nyumba, wala si fundi. Lakini daftari la mapato na matumizi ya pikapu ya jamaa yetu naliandika mimi, na shauri hilo lilinifikia. Naona yafaa niwaeleze wasomaji niliyoyapata nilipolipima.

Kwanza tuseme kweli: shauri hilo halikuzaliwa na ujinga. Sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hupitia Kenya, na malori huingia kwa Malaba na Busia. Njia hiyo ikiziba, sisi huku hukaukiwa. Ilikuwa hivyo mapema mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya. Ikawa hivyo tena Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya kupimwa korona mpakani. Mahali pengine lita moja ya petroli iliuzwa kwa shilingi 10,000 na zaidi. Mdogo wangu ndiye mwendeshaji wa pikapu hiyo. Hupakia nyanya, vitunguu na kabeji za Mlima Masaba, akazipeleka Jinja kwa njia ya Tirinyi na Iganga. Nyanya haziwezi kungoja bei ishuke, na karo ya watoto wanne, wawili wake na wawili wangu, hutoka katika safari hizo.

“Dada,” aliniambia, “fundi asema katika kila lita tisa za dizeli nitie lita moja ya oili chafu. Ile mashine ya kusaga ya jirani hunyweshwa oili kila siku, mbona haifi?”

Swali lake lilikuwa la haki, nalo lilistahili jibu la haki. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hubana hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani yakawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo yaweza kuchoma vitu vingi vyenye asili ya mafuta. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata kampuni ya Cummins ya Marekani iliwahi kuuza mtambo uitwao Centinel, uliochota oili kidogo kidogo kutoka injini za malori makubwa na kuichanganya na dizeli. Lakini mtambo huo ulipima kiasi, ukatia oili mpya badala ya ile iliyochotwa, na injini zenyewe zilichaguliwa kwa kazi hiyo. Haikuwa oili ya magari kumi iliyokusanywa katika dumu moja.

Tena mashine ya kusaga ya kizamani si pikapu ya leo. Ile huzunguka polepole, na nguvu ya pampu yake ni ndogo. Katika magari mengi ya dizeli ya siku hizi, pampu husukuma mafuta kwa nguvu iliyo mara 1,500 na zaidi ya ile ya hewa ituzungukayo. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vinavyosuguana ndani ya nozeli ni elfu chache tu za milimita, hali unywele wa mtu unakaribia elfu sabini. Kitambaa gani kitachuja uchafu mwembamba namna hiyo? Ndani ya oili chafu mna masizi, maji, na vumbi la chuma na shaba lililosagika katika injini. Mna pia dawa zilizotiwa kiwandani, zenye kalisi na zinki, ambazo haziungui zikaisha bali huacha majivu. Majivu hayo huganda kwenye ncha za nozeli, kwenye valvu na kwenye ringi za pistoni. Gari haliharibiki siku ile ile, na hapo ndipo watu hudanganyika. Bandu bandu huisha gogo.

Nikafungua daftari. Tangi letu ni la lita 60. Sehemu moja ya kumi ni lita 6. Tukihesabu dizeli kwa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 30,000. Fundi alitaka 1,000 kwa kila lita ya oili yake, kwa hiyo akiba ni 24,000. Nozeli moja tulitajiwa bei ya shilingi 600,000, na injini yetu ina nne. Ingempasa mdogo wangu ajaze tangi mara 25 ili akiba itoshe nozeli moja, na mara 100 ili itoshe zote. Kwa moshi ule, hatukuona kwamba zingefika huko zikiwa nzima.

Na moshi una habari yake. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni moja. Oili chafu ina salfa nyingi kuliko hiyo. Aitiaye katika tangi huirudisha tena angani, na wa kwanza kuivuta ni mama auzaye ndizi kando ya barabara, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Basi tulifanyaje? Mdogo wangu alikubaliana na mwenzake mmoja wakawa wanajaza mizigo yao katika gari moja, leo la huyu, kesho la yule. Alisafisha chujio la hewa, akatia upepo wa kutosha magurudumuni, akapunguza mwendo. Hata hivyo muhula ule mapato yalipungua, na karo ya mtoto mmoja tuliilipa kwa mafungu mawili baada ya kumwomba mwalimu mkuu. Ilikuwa taabu, lakini pikapu ilibaki nzima, na kazi iliendelea.

Akina mama wenzangu wenye magari, pikipiki au mashine nyumbani, oili ikitolewa iwekwe katika dumu lenye kifuniko, na dumu hilo lisitumiwe tena kwa maji wala kwa mafuta ya kupikia. Isipakwe kwenye vidonda vya mifugo wala ngozi ya mtu, kwa kuwa ina sumu ziwezazo kuleta kansa. Aliyeishika anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Isimwagwe mtaroni, maana maji ya mitaro yetu huishia katika mito kama Manafwa, nao mto huo ndio unaomwagilia mpunga wa Doho. Wapo wanunuzi waikusanyao kwa ajili ya viwanda, ambako husafishwa upya au huchomwa katika matanuru makali. Wauzieni hao, na fedha mtakayopata itieni katika dizeli safi.